Sufuria Kubwa Huingia Kwanza

Mtaani kwetu Migosi, kura zikikaribia, watu walisikiliza redio kama Wakenya wengine, lakini macho yao yalikuwa kwenye sufuria zetu. Mimi na mume wangu tuliuza vyombo: sufuria, beseni, miiko na vifuniko vya kila kipimo. Kibanda chetu kilikuwa sokoni Kibuye, na mali iliyozidi tuliiweka nyumbani barazani, sufuria moja ndani ya nyingine, mrundo karibu ufike kwenye dari. Sisi ni watu wa milimani, kabila jingine. Biashara ilituleta Kisumu tukiwa vijana, tukazalia hapa, na watoto wetu wanajua Dholuo, lugha ya hapa, kuliko lugha ya bibi yao. Hata hivyo, kila mwaka wa kura, kwa kuogopa fujo za kikabila, tulipakia vitu kwenye pikapu tukaenda Nakuru kwa shemeji yangu mpaka mambo yatulie.

Tulipakia kimyakimya, au tulijidanganya hivyo. Sufuria haina siri, ukiigusa tu inalia. Hakuna jirani aliyetoka kutuuliza tunakwenda wapi, na tuliporudi walitusalimu kama watu waliotoka dukani kununua chumvi. Mimi niliona ni adabu. Ilikuwa adabu kweli, ila ilikuwa na jambo jingine ambalo nilikuja kulijua nikiwa nimechelewa.

Jumapili nilikuwa mwalimu wa Sande skul. Kanisa letu lilikuwa na chumba cha mabati nyuma, chenye mlango mmoja, madirisha madogo ya wavu na mabenchi yaliyochubua miguu ya watoto. Kengele hatukuwa nayo. Nilitoka nyumbani na sufuria na mwiko, nikasimama mlangoni nikagonga, na watoto walitokea kila upande wa mtaa, wengine bado wanatafuna chapati. Wazazi walinizoea. Walisema wakisikia sufuria ya mwalimu wanajua ni Jumapili, hata kama wao wenyewe hawana mpango wa kwenda kanisani.

Somo nililolipenda kuliko yote ni lile la kuutafuta kwanza ufalme wa Mungu, na hayo mengine tutazidishiwa. Niliwafundisha kwa vyombo. Nilipanga sufuria chini, nikamwita mtoto azipakie. Mtoto akianza na ndogo, anakwama. Kubwa haiingii, anajaribu kuisukuma, wenzake wanacheka. Kisha namwambia aanze na ile kubwa, na zote zinaingia moja baada ya nyingine, kimya. Basi nikawauliza sufuria kubwa ni nini maishani, nao wakapiga kelele kwamba ni Mungu. Nilijiona mwalimu hodari sana siku hizo.

Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka kumi hivi, binti wa mama anayeuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki baada ya minofu kwenda kiwandani. Mama yake aliikaanga kwenye karai kando ya barabara, na mtoto alikuja darasani akinukia mafuta na moshi. Alikuwa na akili kali na mdomo mkali zaidi. Jumapili moja kabla ya kura aliinua mkono.

"Mwalimu, na wewe ukienda kwenu wakati wa kura, unawekanga gani kwanza?"

Ningeweza kumwambia akae chini, na siku nyingine ningemwambia. Nilimwambia nitamjibu wiki ijayo, nikawaongoza kuomba, nikaenda nyumbani nikiwa nimekasirika. Sikumkasirikia mtoto. Alinishika mahali pabaya, basi.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba safari hii siondoki. Aliweka kikombe chini.

"Ufalme wa Mungu hauna kituo cha kupigia kura," alisema. "Na Mungu yuko Nakuru pia."

"Yuko. Lakini watoto wa Sande skul wako hapa."

Tuligombana mpaka koo zikakauka. Mwisho alichukua watoto wetu na mali nusu akaenda, nami nikabaki na mrundo mmoja barazani. Aliponiaga hakutaka kunitazama usoni. Mimi nilijisikia mwepesi, na nitasema ukweli, nilijisikia mtakatifu pia.

Watu walipiga kura kwa amani. Siku zilizofuata zikawa za kungoja, watu wakitembea na redio sikioni. Matokeo yalipotangazwa, usiku ule mtaa ulilia na kupiga kelele, na kesho yake matairi yalichomwa barabarani. Jumapili asubuhi kulikuwa kimya. Mchungaji alikuwa amekwama upande wa pili wa mji, kwa hiyo ibada ya wakubwa haikuwepo. Nilisimama getini, nikaangalia juu na chini. Hakukuwa na moshi wala mtu aliyekimbia. Nikachukua sufuria yangu na mwiko nikaenda kugonga.

Walikuja. Si wote, ila walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wamepakwa mafuta na kuvalishwa vizuri. Yule msichana alikuja na kasketi kake ka njano, akakaa benchi la mbele.

"Umebaki," aliniambia.

"Nimebaki."

Alicheka, na kicheko kile kilikuwa malipo yangu. Ninakikumbuka vizuri kuliko vitu vingi nilivyoona maishani.

Tulikuwa katikati ya wimbo tuliposikia miguu. Vijana waliingia uani mwa kanisa wakikimbia, wakaruka ukuta wa nyuma, na polisi walikuwa nyuma yao. Mkebe wa kwanza wa vitoza machozi ulipiga mabati ya chumba chetu. Niliwalaza watoto chini. Nilikuwa na chupa moja ya maji na kanga yangu, nikailowesha nikawa nawapangusa mmoja mmoja, huku moshi ukiingia kwenye wavu na watoto wakiita mama zao. Nilifunga mlango. Nilihesabu vichwa kwa mikono kwa sababu macho hayakuona, na nilipomaliza nilijua mmoja amepungua. Mtoto mmoja wa darasa la wadogo kabisa alikuwa amekwenda chooni kabla ya wimbo.

Kabla sijafungua mdomo, yule msichana alikuwa ameshafungua mlango.

Alimleta. Hilo nataka lijulikane, alimleta yule mtoto mpaka ndani, amembeba kiunoni kama wanavyobebana wadogo. Alimweka chini, ndipo nikaona uso wake. Upande mmoja ulikuwa damu tupu. Mpaka leo hakuna anayejua kama ni jiwe la vijana au ni mkebe wa polisi. Kila mtu ana jibu lake, na jibu linafuata alivyopiga kura. Mimi nimechoka na majibu yao wote.

Wanaume wawili wa mtaa walimpeleka hospitali kwa mkokoteni kwa sababu magari hayakuwa yakipita. Nilikimbia kando ya gurudumu nikiwa nimemshika mkono. Hakulia sana. Aliuliza kama yule mdogo ameacha kukohoa. Daktari alifanya aliloweza, kisha alitoka akatuambia jicho haliwezi kuokolewa.

Mama yake alifika akiwa bado amejifunga leso ya kazi yenye mafuta. Nilisimama nikingoja anitukane au anipige. Ningemshukuru. Alikaa kwenye benchi kando yangu, akashika kichwa.

"Nilisikia sufuria," alisema. "Nikasema, kama huyu mama ako, hajaenda kwao, basi hakuna kitu. Hata jirani alisema hivyo. Nikamwogesha nikamtuma."

Sikuelewa. Nikamwambia sikuelewa.

"Kwani hujui, mama? Sisi tunaangalianga nyinyi. Mkihama, tunafungia watoto kwa nyumba. Mkikaa, tunawaachilia wacheze." Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Nyinyi ndio mnajuanga kukiharibika."

Miaka yote ile. Tulidhani tunatoroka, kumbe tulikuwa tunawaonya, na mara moja nilipobaki kwa ajili ya Mungu niliwaambia watoto watoke. Nilitaka kuomba, na sala ilikataa kabisa kuja.

Mambo yalipotulia, mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa. Alisema mama huyu si wa kabila letu lakini hakuukimbia mji, alitanguliza ufalme wa Mungu, na watu wakapiga makofi. Wengine walisimama. Mungu anisamehe, nilitamani kumrushia kifuniko. Mama wa msichana alikuwa safu ya nyuma, naye alipiga makofi pia, polepole, na hilo ndilo lililonifanya nitoke nje kabla ya mahubiri. Nilichukia makofi yale na ninayachukia mpaka leo.

Nilitegemea mtoto asirudi. Alirudi kabla bendeji haijatolewa. Nilipojaribu kumwambia apumzike, aliuliza kama yuko kwenye orodha ya watu waliofukuzwa kanisani. Mwaka hata mwaka alikuwa pale. Alijifunza kugeuza kichwa kidogo ili akuone vizuri, na watoto wapya walipouliza kuhusu jicho, aliwaambia liko kwa Mungu, analitunza. Waliridhika. Mimi nilikuwa najifanya natafuta chaki. Alipoingia sekondari nilimpa darasa la wadogo, na siku moja nilimkuta amepanga sufuria chini, amemwita mtoto azipakie, anacheka anapokwama. Alikuwa mwalimu bora kuliko mimi. Nasema hivyo bila unyenyekevu wa uongo. Watoto walimwamini kwa sababu ilionekana wazi hasemi kitu asichokifanya.

Kisha kura zikakaribia tena. Jioni moja mama yake aliacha karai lake akavuka barabara akaja kwangu.

"Mama, mwaka huu mnaenda ama mnabaki? Niambie tu mapema."

"Tunaenda," nilimwambia. "Na nitahakikisha mmeniona."

Tulipakia mchana kweupe, Jumamosi, watu wakiwa wametoka sokoni. Sikufunga sufuria kwa magunia. Nilizirusha juu ya pikapu moja moja, zikalia mtaa mzima, na mume wangu akaja kunishika mkono.

"Unagonga hivyo kwa nini? Unataka dunia yote ijue?"

"Ndiyo, nataka."

Niliwaona wamama wakitoka milangoni, wakitazama, wakirudi ndani. Mmoja aliita watoto wake hapo hapo. Nilifurahi. Niliona kwamba hii ndiyo huduma yangu sasa, kuondoka kwa kelele, na Mungu akitaka kuniita mwoga ataniita tukionana.

Msichana alikuja wakati tunafunga kamba. Alikuwa mrefu kunizidi.

"Mwalimu, niachie ufunguo wa chumba."

"Wa nini?"

"Si Jumapili itakuja?"

"Itakuja. Lakini hakuna Sande skul mpaka nirudi."

"Nani amesema?"

"Mimi nimesema. Mwalimu wako."

Aligeuza kichwa akanitazama, kisha akatazama pikapu.

"Wewe ndio ulitufundisha ile ya sufuria kubwa. Sasa unaibeba unaenda nayo?"

Hasira ilinipanda, ile hasira ya mtu aliyeshindwa. "Wewe umeshalipa, mtoto wangu. Ulilipa peke yako, kwa ajili yetu wote. Inatosha!"

"Sikulipa kitu," alisema. "Nilienda tu kuchukua mtoto."

Nilimnyima ufunguo. Niliutia kwenye mkoba, nikapanda gari, nikamwambia mume wangu aende. Tulipopita Awasi, njiani kwenda Nakuru, bado nilikuwa naushika kupitia kitambaa, na nilijiambia kwamba chumba kilichofungwa hakiwezi kuita watoto.

Kura zilipigwa. Siku za kungoja zikaanza tena, redio ikawaka mpaka shemeji yangu akalalamika. Jumapili matokeo yalikuwa bado hayajatoka. Asubuhi hiyo nilipiga simu kwa mama yake msichana. Nilitaka kusikia tu kwamba milango imefungwa.

"Tuko sawa, mama," alisema. "Kumetulia. Watu wamekaa kwa nyumba." Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio, chuma juu ya chuma, wenye mpigo ninaoujua kwa sababu ni wangu.

"Hicho ni nini?"

"Ni yeye. Amechukua karai yangu. Amesimama kwa veranda ya kanisa."

"Na watoto?"

"Wanakuja."

"Mwambie aache! Mwambie nimesema aache!"

"Nimemwambia, mama. Nimemwambia nikilia." Nilisikia akivuta pumzi. "Anasema nikuulize wewe, ni sufuria gani inaingia kwanza."

Nilitia mkono mkobani nikaushika ufunguo. Mama yake alingoja kwenye simu, nami nilingoja pamoja naye, na karai liliendelea kulia.