Kopo la Chokoleti Lililosubiri Ofisa

Nilikwenda Kyela kwa sababu ya kopo la bati linaloenea kwenye mfuko wa shati. Mke wangu, ambaye ameshazoea wazimu wangu, aliniuliza kama makopo yamekwisha Morogoro nzima. Tangu nilipostaafu jeshini nikiwa kapteni, nakusanya chokoleti za dharura za wanajeshi wa zamani, zile ambazo askari alipewa azitunze hadi siku atakapoishiwa chakula chote. Nina pakiti zilizochovywa nta, nina karatasi za kaki, nina makopo matupu. Asiyejua huona yote ni yale yale. Mimi naweza kubishana kutwa nzima kuhusu kifuniko kimoja, kwa sababu maandishi mengine yamepigwa kwa rangi na mengine yamegandamizwa kwenye bati lenyewe, na makopo mengine yana amri kwa askari ambayo mengine hayana. Kopo ambalo halijafunguliwa sikuwa nalo hata moja.

Rafiki yangu Shaibu, mnunuzi wa kakao mjini Kyela, ndiye aliyeniletea balaa hili. Alinitumia picha ya kopo aliloliona kwa mkulima mmoja wa Matema, likiwa bado limefungwa. "Mwenyewe anatafuta ofisa," aliandika. "Nimemwambia ninaye wangu." Nikadhani anataka mnunuzi mwenye cheo. Nikafunga begi.

Mbeya tuliiacha asubuhi na baridi yake. Tukuyu tulikuta mvua juu ya migomba na mashamba ya chai, kisha barabara ikaanza kuteremka, na karibu kila kona abiria mmoja akavua sweta. Nilipofika Kyela nilikuwa nimebaki na shati tu, nalo limelowa jasho. Shaibu alinipokea dukani kwake, katikati ya magunia na mizani, akanilisha wali na samaki mpaka nikashindwa kuinama kufunga viatu. Watu wake walitoka Kilwa tangu enzi za babu yake, lakini ukimtoa Kyela leo ataugua. Alinicheka sana.

"Safari yote hiyo kwa ajili ya chokoleti? Hapa sisi tunauza kakao, Kapteni. Chokoleti yenyewe wengi tunaiona kwenye televisheni."

Kesho yake alinipeleka Matema kwa gari lake. Baada ya Ipinda mashamba ya mpunga yalipungua, ikaja mikakao iliyojificha chini ya migomba, na mbele yetu milima ikasimama wima hadi ukingoni mwa ziwa. Kando ya njia akina mama wa Kikisi walikuwa wamepanga vyungu vyao kusubiri wateja. Nilitamani kimoja, nikajikaza. Nafasi ya begini ilikuwa ya kopo.

Mwenye kopo, Mama Tusekile, alikuwa akigeuza kakao aliyoivundika kwenye sanduku la mbao, chini ya majani ya mgomba. Uani kote kulinuka uchachu kama wa pombe. Alinawa mikono, akainama kidogo kunisalimu na kuniita baba, ingawa kwa umri ni dada yangu mkubwa kabisa.

"Mwagonile, tata."

"Ndaga, mama," nikajibu, na hapo Kinyakyusa changu kikaishia.

Kopo lililetwa juu ya sahani, limefunikwa kitambaa cheupe. Nilipofunua, nusura nilie. Lilikuwa linang'aa kama sufuria mpya.

"Kila Krismasi nalisugua kwa mchanga wa ziwani," alisema kwa fahari. "Na leo nimelirudia kwa majivu, maana mgeni anakuja."

Ile rangi ya dhahabu, ambayo sisi wakusanyaji huitazama kwa lenzi, ilikuwa imekwisha yote. Nikanywa chai ili nisiseme neno.

"Umekuja kunifungulia?" akauliza.

"Nimekuja kulinunua, mama."

Akamgeukia Shaibu. Shaibu akaangalia kikombe chake.

Ndipo akatueleza. Baba yake, Mzee Asegelile, alipigana Burma katika jeshi la Mwingereza na akarudi na kopo hilo. Watoto walikatazwa kuligusa. Mdogo wake alichapwa kwa kulitikisa tu.

"Mwaka wa mafuriko mpunga wote ulikwenda na maji," alisema. "Mama akamwomba baba afungue, watoto tule. Baba akasema halifunguliwi bila ruhusa ya ofisa. Akatoka kwa miguu mpaka Itungi, akavuka mto Lufilyo, akavuka na mto Mbaka, maji yamemfika kifuani, akatafute ofisa bandarini. Nahodha wa meli akakataa, akisema yeye mwenyewe si mwanajeshi. Baba akarudi, akalifungia kopo sandukuni. Sisi tukala mizizi ya migomba."

Akafuta mikono ambayo ilikuwa mikavu.

"Mama alikufa akiamini ile amri baba aliitunga mwenyewe. Kwamba alilipenda kopo kuliko sisi. Hata mimi nimeamini hivyo. Sasa nimezeeka, tata. Nataka kujua. Alitudanganya?"

Niliogopa. Nilijua kuna makopo yasiyo na amri hiyo, na kama hili lilikuwa mojawapo, ni mimi ambaye ningemwambia. Nikapitisha kidole gumba kwenye kifuniko. Mchanga ulikuwa umekula rangi, lakini chini yake nilihisi vijinundu. Niliomba karatasi na kipande cha mkaa, nikalaza karatasi juu ya bati na kusugua taratibu. Herufi za Kiingereza zikaanza kutokea, moja moja. Shaibu alizisoma kabla yangu, akavua kofia.

"Imeandikwa, mama," nikamwambia. "Lisifunguliwe ila kwa amri ya ofisa. Baba yako hakutunga."

Alilia bila sauti, machozi yakidondokea kwenye kitenge. "Maskini baba," alisema. "Kumbe alikwenda kututafutia." Baadaye akanikazia macho. "Wewe ni ofisa?"

"Nilikuwa. Nimestaafu."

"Hata baba amestaafu, yuko kaburini. Mtoe lindoni, tata."

Sitaficha, niliumia. Kopo lililofungwa ndilo nililolitafuta miaka yote, na likishafunguliwa ni bati tu. Lakini nilisimama, nikafunga kifungo cha juu cha shati, nikakaza visigino. "Asegelile! Fungua!"

Mama Tusekile akavuta utepe wa bati. Ndani chokoleti ilikuwa imepauka, kijivu kama udongo mkavu. Kabla sijamwonya alikuwa amekwisha weka chembe ulimini. Akaitemea kwenye jani.

"Chungu!"

Nikamweleza kwamba chokoleti hizi hazikutengenezwa ziwe tamu, ili askari asije akazila kwa uroho. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Na mdogo wangu alichapwa kwa hiki!"

Nayaandika haya nikiwa Morogoro. Kifuniko alibaki nacho yeye, pamoja na ile karatasi ya mkaa. Mimi nilirudi na mfuko wa kakao, na mke wangu bado ananitania. Siku hizi nikisoma vifuniko vyangu siangalii herufi peke yake. Najiuliza kila amri ilimkuta nani, na watoto wake walikula nini siku hiyo.

Wakati wa kurudi nilimwomba Shaibu tupitie Itungi. Bandari ilikuwa kimya, hakuna meli, majani yameota ukingoni. Nilisimama pale ambapo mzee yule alifika akiwa amelowa hadi kifuani, nikapiga saluti. Ofisa alikuwa amefika Itungi, ila amechelewa mno.