Kibao cha Shaba Pale Mpitimbi

Ile barua niliificha mimi. Nasema mapema, maana hapa Mpitimbi kuna watu wanapenda kunisimulia mambo yangu kana kwamba sikuwepo.

Mdogo wangu Polikarp alikuwa fundi wa miwani Songea mjini, kwenye karakana ya misheni. Kazi yake kusugua vioo mpaka vikae sawa na jicho la mgonjwa. Yeye na mkewe Fausta hawakujaliwa mtoto, basi nyumba yao ya Matarawe ilikuwa ya watu wawili na vioo. Vioo dirishani, vioo kwenye sahani, ukikaa vibaya umekalia kioo.

Alinieleza kwamba kioo hupimwa kwa kukilaza juu ya kingine kilicho sahihi, ukatazama pete nyembamba za mwanga zinazotokea katikati. Pete zikipinda, rudi ukasugue. Shida ni kwamba kwa taa ya kawaida hazionekani vizuri, na taa yenyewe ya kazi hiyo, yenye mwanga wa rangi moja tu, inatoka Ulaya. Siku moja Fausta anapika maharage kwenye jiko la mafuta ya taa, maji ya chumvi yakafurika, yakamwagikia utambi. Moto ukawa wa njano. Polikarp yuko pembeni na vioo vyake mkononi, hana analoona, anasikitikia maharage. Fausta ndiye aliyesema, "Poli, hebu tazama vioo vyako. Pete zimejaa."

Toka hapo wakawa wanafunga dirisha la jikoni mchana kweupe, mke anatia chumvi kwenye utambi na kuhesabu pete, mume anaandika. Mwaka mzima. Mimi nikija kuwatembelea nakula chakula kilichopoa.

Polikarp akauandika utafiti ule kwa Kiingereza chake cha seminari, akaupeleka kwenye jarida la wahandisi wa vioo na mwanga huko ng'ambo. Ukachapwa. Fausta akauliza, "Na mimi nimo?" Akamjibu, "Umo." Wifi yangu alimaliza darasa la saba, Kiingereza hakijui, ila jina lake analijua. Akafunua ukurasa mmoja mmoja mpaka mwisho, akalifunga lile jarida, akaenda kuteka maji.

Baadaye Polikarp aliniambia aliogopa wasomi wangecheka wakisikia mambo ya maharage. Nilimwambia ni mjinga, na alikuwa mjinga.

Fausta alipolazwa, mapafu yamechoka, Polikarp akamwomba radhi mbele yangu. Akaahidi kuwaandikia wale watu wa jarida waliweke jina lake. Fausta akamshika kidole, akasema, "Basi usichelewe." Alifariki mwishoni mwa Februari, mwaka tisini na mbili. Tulimzika hapa nyumbani.

Sasa, kwetu mfiwa hapewi barua ya kazi mpaka arobaini ipite. Anakaa na msiba wake, mambo ya dunia wanayapokea ndugu. Wiki ya pili ikaletwa toka karakana bahasha yenye stempu za kigeni. Nikaipokea, nikaiweka chini ya godoro langu, nikajiona nimemtunza mdogo wangu.

Arobaini ilipopita nikampa. Akaisoma amesimama. Kumbe wale watu kila mwaka wanatoa tuzo kwa tafiti bora, na mwaka ule wameuchagua wa kwake. Wakaandika: kama kuna mwenzako aliyeachwa, tuletee jina lake kabla ya Machi kwisha, maana baada ya hapo kibao cha tuzo kinachongwa.

Ilikuwa Aprili tarehe tano.

Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Akauliza tu, "Dada, ilikuwa hapa siku zote?" Kesho yake akaenda posta kupiga simu ya maandishi, akanieleza maneno aliyoyapeleka: ONGEZA JINA LA FAUSTA. Halafu akangoja, Mei, Juni, Julai.

Na ndiyo miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Wafanyabiashara walishaanza kumwaga sokoni miwani iliyotengenezwa tayari, watu wanajaribu moja moja puani mpaka wapate inayoonyesha. Karakana ikakosa wateja. Polikarp anashinda peke yake na vioo visivyo na mwenyewe, jioni anarudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nikienda nakuta sufuria kavu.

Agosti kifurushi kikafika. Alikifungua mbele yangu. Kibao cha shaba, kizuri, kizito. Jina moja tu, la Polikarp.

Jumapili iliyofuata alikuja huku Mpitimbi na mfuko mdogo wa saruji. Akakijengea kibao juu ya kaburi, chini ya msalaba wenye jina la mkewe. Toka hapo kila mgeni apitaye njia ya shambani ananiuliza Polikarp alikufa lini. Nimechoka kujibu kwamba hajafa, yuko mjini anajichemshia chai.

Mwishowe nikamfuata, nikamwambia, "Poli, watu wanakuzika ungali hai. Kiondoe kile kitu."

Akaendelea kufuta kioo chake. "Waache tu, dada. Pale ndipo mahali pekee majina yetu yameandikwa pamoja."