Miaka Yangu Sita kwa Jina la Mpwa wa Tajiri

Siku uvumilivu uliponiishia, tajiri yangu alinirushia koti jeupe mezani akaniambia nilifue, daktari ana safari Jumatatu. Huyo anayeitwa daktari ni mpwa wake, alikuwa na miezi minne dukani, na wakati huo amekalia kiti changu anachezea simu. Nikapekua mifuko, kama ninavyofanya kwa nguo yoyote ya kufua. Nikakuta nakala ya fomu ya mafunzo ya Jumatatu hiyo, imeshagongwa muhuri wa ofisi ya mifugo. Jina, la mpwa. Uzoefu: miaka sita. Kazi anazofanya: kutambua kupe na kushauri wafugaji.

Miaka sita ni yangu. Kupe ni wangu.

Nililikunja koti, nikamwekea mapajani. "Fua mwenyewe," nikamwambia. "Una mikono."

Duka letu liko hapa Babati mjini, tunauza dawa za mifugo na chakula cha kuku. Nilipomaliza kidato cha nne nilichaguliwa chuo cha mifugo. Barua ikanikuta na mimba ya pacha. Nyumbani Bagara wakanituliza: jifungue kwanza, chuo hakihami. Ni kweli hakijahama. Kila mwaka kinapokea watoto wa watu, mimi niko kaunta. Wanangu siwajutii, watu wasinielewe vibaya. Ila hakuna hata mmoja aliyemwambia baba yao aahirishe chochote.

Basi nikasomea dukani. Karatasi zinazokuja ndani ya boksi za dawa nimezisoma zote, pacha wamelala kwenye boksi tupu chini ya kaunta. Wafugaji nao wamenifundisha. Mtu wa Simanjiro hawezi kupanda basi na ndama mgonjwa, kwa hiyo anabeba kupe ndani ya kiberiti. Nawamwaga kwenye kisahani cheupe, nawaangalia, namuuliza: tezi chini ya sikio imevimba? Anahema kwa shida? Nikiona dalili za ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, nasema. Nisipojua, namwambia amwite afisa mifugo.

Mpwa alipoletwa, nikaagizwa nimfundishe, nikamfundisha. Wiki ya pili tu, mzee mmoja aliacha kiberiti mezani akaenda kunywa chai. Mpwa akakitikisa, akasikia hakina njiti, akakitupa kwenye moto wa takataka nyuma ya duka. Mzee akarudi, akaulizia kupe wake.

"Kupe gani?" mpwa akasema. "Kile kiberiti hakikuwa na njiti, nimekichoma."

Mzee akamwangalia kuanzia koti mpaka viatu. "Daktari, hao wadudu nimekaa nao mfukoni tangu alfajiri. Umewachoma hata hujawauliza." Akanigeukia mimi. "Mama Pacha, njoo wewe. Huyu mpe kazi ya pumba za kuku."

Tulicheka wote, hata mpwa. Tajiri hakucheka. Aliniita pembeni akanionya nisimwaibishe mwanaume mbele ya wateja.

Halafu ofisi ya mifugo ikatangaza mafunzo. Kila duka litoe mtu mmoja, awe na kidato cha nne na amehudumia wafugaji angalau miaka mitano. Watakaofanya vizuri watapendekezwa kwenda chuo. Nilimwomba tajiri kwa heshima zote. Akasema mwenye watoto wawili hawezi kutulia darasani. Nikarudi kaunta. Sikujua kwamba miaka yangu ameiona inafaa, ila mimi mwenyewe sifai.

Basi siku hiyo ya koti nilitoka na ile nakala mkononi nikaenda moja kwa moja ofisi ya mifugo. Dada wa mapokezi akanishauri nirudi tukayamalize na bosi wangu kistaarabu, nisije nikakosa na kazi. Nikamjibu kwamba kazi yenyewe nimeshaikosa, ipo kwenye fomu ya mtu mwingine. Nikaomba karatasi, nikaandikia palepale kwenye benchi, na sikuondoka mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Niliandika hivi:

"Nalalamika kuwa fomu ya mafunzo kutoka duka ninalofanyia kazi ina jina la mtu mwingine na miaka yangu sita ya kazi. Nimeambatanisha nakala. Naomba sote wawili tuitwe mbele yenu kabla ya Jumatatu, tuwekewe kupe mezani, na atakayewatambua ndiye aende."