Miaka 31 ya kuchambua kaa yamnyima kadi ya kumtunza rafiki

Saa kumi na mbili asubuhi, Verna Crowley amekwisha kumaliza beseni la kwanza. Anamshika kaa mgongoni, anambandua gamba, anampasua katikati kwa kisu kifupi, kisha vidole vinaingia. Hatazami. Nyama inatoka nzima nzima na kuangukia kwenye bakuli, magamba yanarukia ndoo iliyo chini ya meza.

"Usiniangalie usoni, angalia mikono," anasema. "Hii ndiyo iliyoniponza."

Vidole vyake ni vyekundu na laini kama sabuni iliyosahaulika majini. Ukivigeuza kwenye mwanga wa dirisha huoni mstari hata mmoja. Maji ya chumvi, mvuke na ncha za magamba vimevisugua kwa miaka thelathini na mmoja mpaka vikabaki hivyo.

Hapa Ghuba ya Perley, kwenye pwani ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, wanaume hutega kambakoche na wanawake huchambua kaa wanaonasa humo humo kwenye madema. Verna, mwenye miaka 58, hulipwa dola nane kwa ratili. Siku nzuri anafikisha ratili kumi na nne. Hilo halilalamikii.

Analolalamikia ni kadi. Miezi saba sasa anaitafuta kadi ndogo ya plastiki itakayosema kwamba yeye ni mtunzaji aliyesajiliwa wa mgonjwa anayetumia bangi ya tiba. Mgonjwa mwenyewe ni Glenys Merritt, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikaa naye meza moja, kiwiko kwa kiwiko. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulianza kumpokonya miguu, sasa umemlaza kabisa. Misuli hujikaza mpaka magoti yanamgusa kifua, na kuyanyoosha ni kazi ya watu wawili na machozi.

Daktari alimwandikia mafuta ya bangi, matone machache chini ya ulimi. Kwa Glenys yalisaidia. Miguu ililegea, akapata usingizi wa saa tano mfululizo, jambo alilokuwa amelisahau.

Sheria ya jimbo inaruhusu dawa hiyo. Lakini duka lenye leseni lililo karibu zaidi liko mjini Ellery, kilomita tisini, halipeleki dawa majumbani, na humkabidhi mgonjwa mwenyewe au mtunzaji mwenye kadi tu. Glenys ni mjane, na binti yake wa pekee anaishi Texas. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili Verna na mumewe, Dale, humfunga mablanketi, humbeba mpaka kwenye gari, na kumpeleka kuonyesha sura yake dirishani.

"Anapiga kelele kwenye kila shimo la barabara," anasema Dale. "Nimevua miaka arobaini, nimeona watu wakikatwa vidole na kamba. Sijasikia kelele kama zile."

Glenys hucheka anaposimuliwa hayo. "Mwongo huyo. Kelele zangu zote zilikuwa matusi, na zote zilimwendea yeye. Anaendesha kama amebeba mawe."

Mwezi Aprili Verna alijaza fomu. Daktari akasaini, Glenys naye akasaini. Kilichobaki kilikuwa alama za vidole, ili ofisi ya jimbo inayotoa kadi ichunguze kama mwombaji aliwahi kupatikana na hatia. Verna hana kesi. Hajawahi hata kuandikiwa faini ya kuegesha gari.

Siku ya miadi kwenye kituo cha kuchukulia alama alifanya kile ambacho kila mchambua kaa wa hapa hufanya kabla ya kwenda mjini. Alikata limau mbili akasugua mikono, kisha akailoweka kwenye maji yenye dawa ya kufulia nguo. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Wanawake wa ghuba hii wamechoka kuona watu benki wakisogeza pua pembeni.

"Sikutaka kumnukia yule kijana wa kuchukua alama," anasema. "Nilijiona nina adabu."

Limau na dawa viliimaliza hata ile ngozi kidogo iliyokuwa imebaki. Kioo cha mashine kilionyesha madoa kumi meupe.

"Bonyeza kidogo, mama," kijana wa kituo alimwambia.

"Nimebonyeza mpaka mfupa, mwanangu."

"Basi usibonyeze sana."

Wiki sita baadaye barua ikaja: hazisomeki, rudia, lipa tena dola hamsini na mbili.

Aliacha kuchambua siku kumi na mbili ili ngozi iote. Alijipaka yale mafuta mazito ambayo wafugaji huwapaka ng'ombe chuchu zikipasuka, akalala na soksi mikononi. Dale alimtania kwamba ameoa ndama. Alirudi kituoni. Vidole vinne vilisomeka, sita vikakataa. Barua ya pili ilifanana na ya kwanza, neno kwa neno.

Alipopiga simu aliambiwa aombe upya. Alipouliza mgonjwa afanyeje kwa sasa, sauti ikamjibu kwamba mgonjwa anaruhusiwa kuja dukani mwenyewe.

"Mwenyewe!" Verna anaweka kisu chini, jambo asilolifanya ovyo. "Bangi ya kichochoroni ningeipata kabla chai haijapoa. Yule anayeuza nyuma ya kituo cha mafuta hajawahi kumuuliza mtu vidole. Lakini Glenys anahitaji dawa iliyopimwa, yenye kipimo kwenye chupa. Nafuata sheria, na sheria inanitemea mate."

Aliyemfungua macho hakuwa ofisa. Alikuwa mchambuaji mwenzake wa ng'ambo ya ghuba, aliyekwama hivyo hivyo alipoomba kazi ya kupika shuleni. Akamwambia: alama zikikataliwa mara mbili, ipo fomu ya kuomba uchunguzwe kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Ukurasa mmoja tu.

Verna aliendesha gari kwa muda wa saa mbili mpaka ofisini. Karani alimsikiliza, akavuta droo ya kwanza chini ya mkono wake wa kulia, akamtolea.

"Imekuwa humo siku zote?" Verna aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Barua mbili mmeniandikia. Simu nne nimepiga. Hakuna aliyeniambia."

"Hukuiomba."

Anasema alimwekea karani mikono yote miwili mezani, viganja juu. "Nikamwambia, bibie, ningeombaje kitu nisichojua kipo? Wewe umekikalia miezi sita. Katika miezi hiyo nimembeba mtu mara kumi na mbili, na mara ya mwisho mlango wa gari ulimbana nyonga akavimba kama boga. Akaniambia nipunguze sauti. Sikupunguza."

Fomu ilipokewa siku hiyo hiyo. Jibu huchukua hadi siku sitini, na arobaini na moja zimekwisha.

Mchana Verna anavuka barabara kwenda kwa Glenys na bakuli la supu ya kaa. Anamgeuza ubavu, anampaka mafuta visigino, anampimia matone. Imebaki chupa moja, na ndani yake mafuta ni kimo cha ukucha tu.

"Ijumaa tunakwenda tena?" Glenys anauliza.

"Tunakwenda tena, shoga. Kadi haijafika."

"Barabara ina barafu."

"Najua."

Glenys anatazama dari. "Basi nibebeni kwanza ofisini. Mniweke kwenye meza ya yule bibi wa droo, niwatolee zile kelele zangu zote, halafu ndiyo twende dukani."

Verna anacheka, lakini jioni hiyo anamuuliza Dale kama milango ya ofisi ni mipana kiasi cha kupitisha kitanda cha kukunja. Ni mipana. Dale aliipima kwa macho siku alipopita hapo.

Kadi ikitoka itaishi mwaka mmoja, na ya pili itadai vidole vilevile. Verna analijua hilo. Amekwisha kutoa nakala arobaini za ile fomu katika maktaba ya kijiji na kuzigawa kwenye vibanda vyote vya kaa, na wanawake kumi na wanne wameahidi kuingia naye ofisini siku atakayorudi.

"Watataka tuketi tusubiri namba zetu," anasema huku akivuta beseni jingine. "Hatutaketi. Tutanyoosha mikono thelathini, ishirini na minane yao na miwili yangu, watuambie upi ndio wa mhalifu."