Nguzo ya Mwalimu Fanuel

Siku ya kwanza Mwalimu Fanuel alipoingia hadiwea ya Filister pale Sori, hakuomba kupunguziwa bei. Filister akajua papo hapo kwamba huyu atabeba chochote atakachopewa. Alitaka mifuko minne ya simiti.

"Unajenga choo, Mwalimu?"

"Nguzo moja tu. Ikae miaka saba bila kutikisika."

"Miaka saba! Mume wangu mwenyewe hakukaa hivyo."

Mwalimu alicheka, akalipa. Filister akampakilia mifuko miwili mipya juu, na chini miwili iliyolowa stoo ilipovuja. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuikataa.

Nguzo ilisimamishwa kwake Karungu, kushoto kwa mlango, na juu yake ikafungwa darubini ya kutazama nyota. Kila Mwalimu alipokuja kununua misumari alimweleza Filister habari za nyota, bila kuulizwa. Nyota yenye dunia inayoizunguka huyumba. Dunia ndogo kama hii yetu huiyumbisha kidogo mno: ni kama kupima unene wa unywele ulio mbali kuliko safari ya kuizunguka dunia nzima. Hiyo ni kazi ya chombo kitakachorushwa angani. Kazi yake Mwalimu ilikuwa kuchuja: apime nafasi ya nyota moja kati ya jirani zake, mwaka baada ya mwaka, ahakikishe haivutwi na nyota nyingine iliyojificha. Watafiti wa ng'ambo walimpa sharti: darubini ile ile, mahali pale pale, miaka saba. Akimaliza, nyota yake itaingia kwenye orodha, naye ataitwa kusoma nao.

"Na ukiipata hiyo dunia," Filister alimuuliza, "utaiuzia nini?"

Ilipobaki miezi miwili, mkewe Truphena akafariki. Kwao mke huzikwa kushoto kwa nyumba, na nguzo ilikuwa hapo hapo. Mwalimu alipoijenga hakuwaza kaburi.

"Mama Irine, wewe unajua kuongea na watu," Mwalimu alimwambia Filister, macho mekundu. "Niombee nguzo ibaki miezi miwili tu."

Filister akamwendea Mzee Willis, baba mdogo wa Fanuel.

"Jaduong', nguzo ibaki. Kaburi lisogee."

"Lisogee wapi? Nyuma ya nyumba, kama la paka?"

"Hatua tatu mbele, kushoto kule kule. Simiti ya kaburi natoa mimi."

Mzee alijikuna kidevu. "Mifuko mingapi?"

"Mitatu."

"Mitano."

"Minne, na usiongeze neno."

Siku ya mazishi waliosimamisha tenti hawakuona mti karibu, wakafunga kamba kwenye nguzo. Adhuhuri upepo wa ziwa ukalipiga tenti, kamba ikavuta, nguzo ikakatika chini kabisa, pale fundi alipoanzia na ile mifuko miwili iliyolowa. Darubini ikaanguka kaburini. Fanuel akaokota kipande cha nguzo. Kikasagika mkononi kama unga wa muhogo. Akamtazama Filister. Filister akatazama jeneza.

"Pengine fundi alizidisha mchanga," alisema Mzee Willis.

"Pengine," Filister akajibu.

Watafiti waliandika kwa adabu kwamba nyota ile imeondolewa kwenye orodha. Truphena alipata kaburi la simiti nzuri, mifuko minne, yote mipya. Filister alipoteza hiyo minne na mteja mmoja. Fanuel sasa hununua vitu Rangwe, mbali kote huko, na wanasema hafungui pochi kabla hajafungua mfuko.