Namba za Mabanga

Mimi ni mtu wa kushuku. Fundi akiniambia kazi imekwisha, nainama chini ya meza nijionee mwenyewe. Nilisahihisha mitihani ya fizikia hapa Kitale karibu maisha yangu yote ya kazi, na nilichojifunza ni kwamba jibu zuri mno huwa limetoka kwenye daftari la jirani.

Nilipostaafu nilijipa kazi ya kupima mwanga wa nyota. Nilikuwa na darubini mbili. Ile ndogo nilimwazima mwanafunzi wangu wa zamani, mama anayefuga kuku huko Mabanga, nje ya mji wa Bungoma, nikamfundisha mwenyewe jinsi ya kuitumia. Unaitafuta nyota inayong'aa na kufifia, unailinganisha na nyota jirani ambazo mwanga wake unajulikana, unaandika namba. Namba ikipanda, mwanga umeshuka. Kila wiki tulipeana namba kwa simu, na mwisho wa mwezi tukazituma kwa mratibu wa kikundi chetu aliyeko Nairobi, naye akaziingiza kwenye rekodi.

Nyota tuliyopewa sisi wawili ilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Katika kikundi kizima hakuna mwingine aliyeifuatilia. Tulichoandika sisi ndicho kingebaki.

Mwaka wa kwanza sikuwa na neno. Wa pili nikaanza kuona mambo. Mimi nikiandika saba, yeye saba na nusu. Nikiandika nane, yeye nane na nusu, au karibu na hapo. Hakuna jioni hata moja tuliyokubaliana. Mwanafunzi mjanja hanakili jibu lilivyo, hulibadilisha kidogo ili mwalimu asishtuke. Nilianza kuamini kwamba mama huyu hatoki nje kabisa, anachukua namba yangu ya wiki iliyopita na kuongeza nusu, kisha analala zake. Roho iliniuma, maana darubini ni yangu.

Mratibu naye aliliona. Akanipigia. "Mwalimu, namba zenu hazipatani. Itabidi nifute za mmoja. Nifute za nani?"

Nikamwomba wiki mbili.

Nilikwenda Mabanga bila kutoa habari, na miche minne ya parachichi kama kisingizio. Mama alifurahi mpaka nikaona haya kidogo. Alichinja kuku, akapika ugali wa wimbi, akaniwekea firigisi kwenye sahani yangu, kipande ambacho kwao hapewi kila mtu. Niliila. Giza lilipoingia akasema, "Mwalimu, ngoja nione nyota yetu kabla mawingu ya mlimani hayajashuka."

Nikamfuata uani. Akachungulia, akainua kichwa, akachungulia tena, akaandika nane. Nilikuwa natazama saa yangu. Haikufika nusu dakika.

Mimi nyota hiyo naikazia jicho dakika kumi nzima mpaka machozi yanitoke, na siandiki kitu kabla sijaridhika. Nikaomba zamu yangu. Nilipokuwa bado nimeinama, akaniambia kwa upole, "Usikae hapo sana, Mwalimu." Nikasema moyoni, ndiyo, hutaki nikae. Nikakaa. Nikapata saba na nusu.

Kesho yake, kabla hata ya chai, nilimpigia mratibu. Nikamwambia namba za Mabanga zinapikwa, nimeona kwa macho yangu. Akazifuta zote, za miaka yote miwili, na akamwandikia mama ujumbe mfupi kwamba hazitahitajika tena.

Mama alinipigia jioni ile ile. "Mwalimu, ati namba zangu hazifai. Wewe unajua ni kwa nini?"

"Sijui," nikasema.

Nikaendelea peke yangu, mwenye amani.

Mvua ilipoanza, jioni moja anga ya Kitale ilijaa mawingu yaliyovunjikavunjika. Nyota ilionekana kwa vipande, sekunde mbili tatu, kisha inafunikwa. Nikaandika nilichopata kwa kudokoa hivyo: nane na nusu. Wiki hiyo yote nilikuwa nimepata nane. Nikashuku mawingu, bila shaka. Lakini anga ilipofunguka nikajaribu tena kwa makusudi. Nilichungulia mara moja nikaondoa jicho: nane na nusu. Nikaikazia macho, na taratibu ile nyekundu ikaanza kuvimba. Kadiri nilivyoitazama ndivyo ilivyozidi kung'aa, na nyota jirani zimetulia vilevile. Si nyota iliyokuwa ikibadilika pale, ni jicho langu. Nyekundu ukiitazama sana inajijaza kwenye jicho.

Nilirudia mara ishirini, nikitafuta kosa la mama. Kosa halikuwa lake. Bidii yangu yote ya dakika kumi ndiyo iliyoharibu rekodi, na namba pekee za kweli za nyota ile zilikuwa zile nilizofutisha.

Nilimpigia mratibu nikamweleza. Akaguna. Akasema hakubakiza nakala, ila kama mama ana daftari lake, atarudisha kila kitu na kufuta zangu. Mimi zile alizokuwa akinisomea kwa simu sikuwahi kuziandika, kwa hiyo siku hiyo hiyo nilikwenda Mabanga.

Nilimkuta kwenye banda la vifaranga. Nikamuuliza daftari liko wapi.

"Daftari gani? Ile ya nyota?" Akaendelea kumwaga maji kwenye vyombo vya vifaranga. "Iliisha, Mwalimu. Nilikuwa nararua karatasi nawashia jiko ya vifaranga wakati ya baridi."

"Yote?"

"Si walisema haifai."

Nikamuuliza kwa nini hakubishana na mratibu, kwa nini hakumuuliza hata mtu mmoja.

"Kwani sikuuliza? Nilikuuliza wewe." Akanitazama kwa mshangao. "Nikasema, kama kungekuwa na makosa yao, Mwalimu angejua, na angeniambia. Ukasema hujui. Basi nikajua ni kweli hazina maana."

Nilikuwa sijamwambia bado ni nani aliyempigia mratibu. Nikamwambia hapo hapo bandani, na akaweka chombo cha maji chini.