Waliokosa kwa Udhuru

Siku Ña Deolinda Ayala (Ña kwetu ni kama Bi) alipochaguliwa kuwa gavana, dada yake alilia hadi macho yakavimba, akidhani ni gavana wa serikali na wapinzani watammaliza. Kumbe ni gavana wa Klabu za Mkono Wazi, kanda ya kaskazini: klabu ishirini na tatu za watu wanaojitolea kusaidia wenzao, zimetapakaa kwenye barabara za udongo mwekundu kuanzia Concepción hadi kwenye mashamba ya ng'ombe, kila moja na kengele yake, bendera yake na ugomvi wake. Kazi yenyewe haina mshahara, ina skafu tu. Lakini watu wakisikia gavana wamesikia gavana, na kila mji tuliofika tulikuta foleni. Huyu daraja limevunjika, yule ng'ombe wa jirani wamemlia mihogo, mwingine anataka mwanawe arudishwe kutoka jeshini. Miji mitatu ya kwanza Ña Deolinda alieleza kwamba yeye siye. Mji wa nne alichoka, akatoa daftari akaanza kuandika malalamiko. Daraja moja likajengwa. Mpaka leo hatujui nani aliyelijenga.

Mimi nilikuwa katibu wake na dereva wake, kwa sababu gari lilikuwa langu na mdomo wa kukataa sikuwa nao. Nilimjua tangu akiwa mkunga. Miaka thelathini na moja alizalisha wanawake wa kaskazini, na nusu ya wenyeviti wa klabu zetu aliwapokea kwa mikono yake mwenyewe, wala hakuwaacha wasahau. Mwenyekiti akianza kujitia ukubwa mkutanini, Ña Deolinda humwambia mbele ya watu, "Wewe ulitanguliza matako kuja duniani, na kazi zako zote unazianza hivyo hivyo." Baada ya hapo mkutano huwa mfupi.

Bahati mbaya, mwaka wake ndio mwaka lilipotoka agizo la makao makuu kule Asunción, mji mkuu: klabu yenye wanachama chini ya kumi ifungwe, kengele na mali yake yote zipelekwe huko. Kufikia mwezi wa tano alikuwa amefunga sita. Watu wakaanza kumwita Mzishi, na jina hilo lilimuuma kweli kweli. Njiani alikaa na kengele sita miguuni pake, na kila tuliporuka shimo zililia zote kwa pamoja.

"Katibu," aliniambia, "nizalishe miaka yote ile, halafu nimalizie uzee wangu na hizi?"

Nikamwambia atulie, imebaki Santa Rufina tu, na Santa Rufina haina shida. Kwenye majalada yangu klabu hiyo ilikuwa na wanachama kumi na watatu, na ilikuwa imechukua Kikombe cha Mahudhurio miaka sita mfululizo. Miaka sita hakuna mwanachama hata mmoja aliyekosa mkutano bila udhuru! Vyeti nilivichapa mwenyewe, tena kwa maneno ya sifa.

Tulifika Alhamisi saa nane mchana, wingu limejaa. Chini ya upenu wa ukumbi wa klabu walikuwepo watu kumi na mmoja kwenye foleni, na wa kwanza alikuwa Ceferina Cuevas, muuza chipa, kikapu cha mikate yake kichwani.

"Gavana, mama, ni habari ya daraja," akaanza.

"Baada ya mkutano, binti yangu."

"Mkutano!" Ceferina akawageukia wenzake. "Jamani, kaeni chini. Yule mzee akianza kukutana na hewa, hamalizi leo."

Ndani tulikuta viti kumi na vitatu vimepangwa, bendera imepigwa pasi, na mzee mmoja mwenye tai. Huyo ndiye Don Anselmo Riveros, zamani karani wa posta. Ukutani yameegemezwa magongo ya kutembelea, jozi kumi na tisa, na viti vinne vya magurudumu. Kazi ya klabu ilikuwa hiyo: mtu akivunjika, anaazima, akipona, anarudisha. Kulikuwa pia na kitanda cha hospitali, kile cha kuzungusha mkono wa chuma kikainuka, lakini wakati huo kilikuwa kwa mama yake Ceferina, aliyevunjika nyonga.

Tukakaa tukingoja wengine. Saa nane na nusu kamili Don Anselmo akapiga kengele, akasimama mbele ya kiti cha mwenyekiti.

"Namwomba katibu asome mahudhurio," akasema. Akahama kiti, akavaa miwani, akafungua kitabu. "Ahsante, mwenyekiti. Waliohudhuria, mmoja. Waliokosa bila udhuru, hakuna. Waliokosa kwa udhuru: Don Crispín Báez, udhuru, moyo. Don Leandro Fretes, udhuru, trekta. Daktari Irala, udhuru, uzee..."

Akaendelea hivyo hadi kumi na mmoja. Kisha akatoa kikaratasi kilichokunjwa ndani ya kitabu, sauti ikashuka. "Ña Fidelina, mke wangu. Huyu aliandika mwenyewe. 'Wapendwa wanaklabu, Alhamisi hii sitafika, nakwenda hospitali.'" Akakikunja, akakirudisha. "Ajenda ya kwanza..."

Taarifa za Santa Rufina zilinifikia kila wiki, na mimi nilisoma namba tu. Nimewapa marehemu vikombe sita vya mahudhurio!

"Ajenda ya saba," alimalizia Don Anselmo, "imeahirishwa. Mtoa hoja hayupo."

"Don Anselmo," Ña Deolinda akasema polepole, "hawa watu wamekufa."

"Ndiyo, gavana."

"Wote?"

"Wote kumi na wawili. Fidelina alitangulia, mwaka wa sita sasa. Wa mwisho Don Leandro, mwaka juzi."

"Na wewe unawaandika wanachama?"

"Kanuni, gavana." Alikifungua kijitabu cha kanuni za klabu bila kutafuta ukurasa. "Mwanachama hukoma kwa kujiuzulu kwa maandishi, au kwa kukosa mikutano minne mfululizo bila udhuru. Hakuna aliyejiuzulu. Na wewe ni mkunga, umeona mengi. Kuna udhuru mkubwa kuliko huo?"

Ña Deolinda akanitazama. Nikatazama magongo.

Hapo mvua ikashuka. Kwetu mvua ni udhuru usioulizwa: shule hazifunguliwi, harusi zinasogezwa mbele, na njia ya udongo inafungwa kwa mti hadi ikauke. Hatukuweza kuondoka, na wale wa foleni wakaingia ndani wakitiririka maji. Pembe ya tereré, chai yetu ya majani inayonywewa baridi, ikaanza kuzunguka. Ikabidi Ña Deolinda aseme lililomleta, na akalisema akiwa amesimama, kwa sababu hakuwa mtu wa kujificha: wanachama hai ni mmoja, klabu inafungwa, mali yote inakwenda Asunción.

"Na kitanda?" Ceferina akauliza.

"Na kitanda."

"Mama yangu yuko juu yake! Mtampeleka naye? Mkamweke wapi, kwenye kabati la vikombe?"

Don Anselmo alikuwa ameishika kengele kwa mikono miwili.

Ña Deolinda akakaa. Nilimfahamu, nikajua hataki kuifunga hii hata wamvue skafu. "Nataka watu kumi wanaopumua," akasema. "Hapa ndani naona kumi na mmoja. Waingize kwenye klabu, Don Anselmo, twende zetu."

"Siwezi, gavana. Mwanachama mpya hupitishwa na theluthi mbili ya wanachama wote. Tuko kumi na watatu. Zinahitajika kura tisa."

"Na unazo ngapi?"

"Moja."

"Basi waondoe marehemu!"

"Nitawaondoaje? Wana udhuru."

Ceferina akashika kiuno. "Mzee, hata Kaisari hakuwa na serikali ngumu hivi."

Ña Deolinda akamnyang'anya Don Anselmo kijitabu, akakisoma huku akinywa tereré kwa kishindo. Mara akainua kichwa. "Wakikosa mikutano minne bila udhuru, wanatoka. Imeandikwa wapi kwamba mikutano minne ni siku nne?"

Don Anselmo akasoma kifungu hicho, akakisoma tena. "Haikuandikwa," akakiri.

"Na udhuru hupokelewa na nani?"

"Na katibu."

"Katibu ni nani?"

Mzee akavua miwani akaipangusa muda mrefu. Nje maji yalikuwa yanapiga bati. Tulijua anaombwa nini, hata wale waliokuja kwa habari ya daraja.

Basi alasiri ile klabu ya Santa Rufina ilifanya mikutano minne, na Don Anselmo alitaka kila mmoja uwe mkutano kamili. Kengele, wimbo wa taifa wote tumesimama, salamu kwa bendera, mahudhurio, kengele. Mkutano wa pili alichelewa dakika moja kutoka chooni, akajitoza faini ya kuosha vikombe, akaviosha, tukangoja. Kwa kila jina alinyanyua kichwa akazungumza na kiti kitupu.

"Don Crispín, samahani. Bila udhuru. Lakini hata ulipokuwa hai ulikuwa mtoro."

"Daktari, bila udhuru. Usinitazame hivyo."

Mwanzo watu walicheka. Mkutano wa tatu hakuna aliyecheka, na Ceferina alikuwa ameshusha kikapu anamgawia kila mtu chipa bila kudai kitu.

Mkutano wa nne alifuta majina kumi na moja. Alipofika la kumi na mbili akatoa kikaratasi, akakiweka juu ya kitabu, na kalamu ikasimama. Mara tatu zote zilizotangulia alikuwa amekisoma akaiacha nafasi yake wazi, na hatukumsemesha.

"Huyu siwezi," akasema. "Funga klabu, gavana. Huyu simwandiki mtoro."

Ña Deolinda hakumsukuma. Alihesabu kwa vidole: wamebaki wanachama wawili. Theluthi mbili ya wawili ni mmoja na kidogo, na huyo kidogo hatukuwa naye. Kwa hiyo kura zinatakiwa mbili, na moja iko makaburini.

"Ajenda ya saba ni nini?" akauliza ghafla.

"Imeahirishwa."

"Sikuuliza hilo, Don Anselmo. Nimeuliza ni nini."

Mzee akajibu akitazama meza. "Ni hoja ya Fidelina. Kwamba kila aliyewahi kuazima kitu chetu akaribishwe kuwa mwanachama, kuanzia Ceferina Cuevas. Wenzangu hawakuipenda. Klabu ya waungwana, walisema, na muuza chipa wapi na wapi. Mimi ndiye niliyeshauri tumngoje mtoa hoja apone kwanza."

"Kuanzia mimi?" Ceferina akasema.

"Hicho kikaratasi," Ña Deolinda akasema, "umekisoma mara nne leo. Kila mara unaishia katikati."

Kisha Don Anselmo akatoka kiti cha katibu, akaenda kwenye kiti cha mkewe, cha pili kutoka dirishani, akakaa hapo. Akakikunjua kikaratasi chote. Kilikuwa kimechakaa kwenye mikunjo, na alikisoma kwa shida ingawa nadhani alikijua kwa moyo.

"'Wapendwa wanaklabu, Alhamisi hii sitafika, nakwenda hospitali. Kwa ajenda ya saba msinisubiri. Kura yangu ni ndiyo. Na wewe, Anselmo, acha woga.'"

Akarudi mezani pa katibu akaandika kura hiyo, kwa kuwa kanuni inamruhusu mwenye udhuru kupiga kura kwa barua. Akahamia kiti cha mwenyekiti akauliza nani mwingine anakubali. Akainua mkono wake mwenyewe, akajihesabu.

"Wawili kati ya wawili," akasema. "Imepita."

Hakuna mtu mle ndani ambaye hakuwahi kuazima gongo. Walikula kiapo wote kumi na mmoja, nguo zao bado zinadondosha maji, Ceferina wa kwanza, na alipoambiwa asimame kengele ikilia alinung'unika kwamba miguu yake ni ya biashara. Ña Deolinda aliwavisha beji mmoja mmoja akiwashika mabega kwa nguvu, kama ninavyokumbuka akishika watoto waliochelewa kulia. Halafu, kwa kuwa ahadi ni ahadi, akatoa daftari akaandika habari ya daraja.

Mimi nikaanza taarifa ya Asunción, safari hii nikisoma kila neno. Waliohudhuria, kumi na wawili. Waliokosa bila udhuru, hakuna. Nikasimamisha kalamu.

"Ña Fidelina nimwandikeje?" nikauliza kwa upole. "Barua imeisha kusomwa yote. Nimtoe?"

Don Anselmo alikuwa anaosha vikombe. Hakugeuka.

"Amesema tusimsubiri," akajibu. "Hajasema amejiuzulu."

Nikaandika: kwa udhuru, mmoja.